Pikapu Iliyotundikiwa Dripu

Wenzangu wa benchi la kahawa, mmeniuliza mara nyingi kwa nini nilirudi kutoka Kolo na midomo iliyobabuka kama ya mtu aliyebusu pasi ya mkaa. Kila nikianza kueleza mnacheka kabla sijafika hata Mayamaya, kisha kahawa inaisha na kila mmoja anakwenda zake na hadithi aliyojitungia. Yuko anayesema nilipigwa na mama mkwe. Sikupigwa. Basi nimeona niandike yote, kituo kwa kituo, ili mcheke mkiwa mbali nami.

Mnajua kwamba nilipopunguzwa kazi shirikani nilinunua pikapu kuukuu ya buluu, nikaanza kujiita mfanyabiashara. Mnajua pia kwamba miaka yote ya shirika kazi yangu ilikuwa kutunza stoo ya vipuri. Kila kipuri nilikijua kwa jina na kwa rafu kilipokaa. Kujua kipuri kinafanya nini ndani ya gari ni jambo jingine, na tofauti hiyo sikuwa nimeigundua mpaka safari hii.

Ujumbe ulitufikia kwa dereva wa lori, ambaye naye alipewa na dereva mwenzake: Bi Mariamu wa Kolo anaomba mdogo wake aende amwone kabla macho hayajafumba. Mdogo wake ndiye mama mkwe wangu, Mama Damari wa Buigiri. Bi Mariamu aliolewa na Mrangi wa Kondoa zamani sana, akasilimu, akahamia kwa mumewe, na ndugu hawa wawili walikuwa hawajaonana tangu msiba wa baba mkwe wangu. Tuliposikia habari ya macho kufumba hatukuhitaji kuelezwa zaidi. Mke wangu Tabitha alilia, kisha akaniambia nimpeleke mama yake upesi. Yeye asingeweza kuja, ana mtoto mchanga.

Hapo ndipo ilipoanza shida yangu. Ninyi mliotoka pwani na Kigoma hamlijui hili vizuri. Kwetu Wagogo, hasa kwa watu wa umri wa Mama Damari, mama mkwe na mkwewe wa kiume hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawatajani majina. Si ugomvi, ni heshima. Tabitha ndiye angekaa katikati yetu kwenye kiti cha mbele na kupokea maneno ya huku na kuyapeleka kule. Bila Tabitha, katikati yetu palibaki gia peke yake.

Dodoma hadi Buigiri

Asubuhi ya kuondoka kulikuwa na foleni kwenye kituo cha mafuta, nami nina haraka. Nyuma ya soko palikuwa na bwana mmoja mnene mwenye mapipa, mmoja wa wale walioibuka biashara ilipofunguliwa na kila mtu akaanza kuuza anachokijua na asichokijua.

"Hii ni petroli ya kisasa," aliniambia. "Imetiwa spiriti ya miwa. Inasafisha injini yenyewe wakati unaendesha."

"Inasafisha mpaka wapi?" nikauliza, nikiwa nimefunga mikono nyuma kama mkaguzi.

"Mpaka ndani kabisa."

Nikainusa. Nikatikisa kichwa kwa kuridhika, ingawa sikujua ninachokinusa, na nikamwambia ajaze tangi.

Nimtendee haki yule bwana, hakunidanganya. Ilisafisha. Ilibandua kutu yote na utandu wote uliogandia tangini tangu gari likiwa jipya, ikavibeba taratibu mpaka kwenye kabureta. Lakini siku hiyo bado sikuyajua hayo. Nilifika Buigiri nikipiga mluzi.

Mama Damari alikuwa ameketi nje tangu kulipopambazuka. Amejifunga kanga mpya, ana kikapu cha karanga, ungo mpya wa kumpelekea dada yake, na kuku jike mwekundu aliyefungwa miguu. Nikamwamkia nikitazama mlango wa nyumba: "Shikamoo mama." Akaitikia akitazama zizi. Akapanda garini kwa kunipa mgongo, akajibana dirishani mpaka nikaogopa mlango usije ukafunguka naye.

Tulipokaribia kuingia barabara kubwa, akamweka kuku mapajani na kumwambia kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Kuku, mwambie mwenye gari asikimbize. Dada yangu ananisubiri, lakini ananisubiri nikiwa hai."

Nikamtazama kuku. Kuku akanitazama. Nikafikiri kidogo, halafu nikaona hakuna njia nyingine.

"Kuku," nikasema, "mwambie mama nimesikia."

Buigiri hadi Mayamaya

Tulirudi Dodoma, tukapita Msalato, tukaiacha lami, na karibu na mashamba ya zabibu ya Makutupora pikapu ikaanza kukohoa. Ilikohoa, ikaruka kidogo, ikakohoa tena, ikazimika kando ya mizabibu.

Nilishuka kwa madaha. Hiki ndicho kitu nilichokuwa nakisubiri maishani, niharibikiwe barabarani mbele ya mkwe na nionyeshe ninachokijua. Nikafungua boneti. Kabureta, kwa wasioijua, ni mahali petroli inapochanganyika na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Ndani yake mna jeti, kipande kidogo cha shaba chenye tundu jembamba kuliko tundu la sindano. Tundu hilo likiziba, gari zima ni kibanda tu chenye magurudumu.

Nilipofungua bakuli la kabureta nikakuta uji wa kahawia, mzito, una chembe za kutu. Nikaufuta kwa shati la ndani. Nikachomoa jeti, nikaitazama juani, sikuona mwanga upande wa pili. Kwa hiyo nikaitia mdomoni nikapuliza. Haikupita hewa. Nikainyonya. Hapo kitu kikalegea, nikapata mdomo mzima wa petroli ya kisasa yenye dawa ndani. Nikaitema kwenye mizabibu ya watu, macho yananitoka machozi, midomo inawaka moto. Nikanyonya na ule mpira unaotoka tangini ili mafuta yaanze kutembea, nikapata mdomo wa pili.

Gari likawaka. Nikarudi kwenye kiti nikiwa nimeinua kidevu, nikavuta pumzi ndefu ya ushindi, nikaitoa.

Mama Damari aligeuza uso kabisa nje ya dirisha. Marehemu baba mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa gongo, na mama huyu alikuwa ameishi na harufu ile miaka mingi kabla ya kuwa kiongozi wa akina mama kanisani. Hatimaye akamwinua kuku.

"Kuku," alisema, na sauti yake ilikuwa ya huzuni zaidi kuliko ya hasira, "kumbe binti yangu naye ameolewa na mlevi. Anajificha nyuma ya boneti anakunywa."

"Kuku, sijanywa," nikasema. "Ni mafuta ya gari."

"Kuku, harufu ya mafuta ya gari naijua. Na hiyo nyingine naijua zaidi."

Tulikuwa tumesimama katikati ya zabibu, macho yangu mekundu, nanuka kama kilabu. Hata mimi nisingejiamini.

Tukafika Mayamaya tukirukaruka. Pale palikuwa na mama mmoja anapika chini ya turubai, mgeni kutoka Tanga kwa lafudhi yake. Nikaagiza ugali na maharage sahani mbili. Mama Damari akachukua yake akaenda kula nyuma ya pikapu. Mimi nikala nikiwa nimetazama ukuta wa duka la jirani. Yule mpishi alitutazama kwa zamu, mmoja nyuma ya gari, mmoja ukutani, mpaka uvumilivu ukamwishia. Akaja akainama sikioni kwangu.

"Kaka, hata kama mkeo ni mtu mzima kukuzidi, ndiye uliyemchagua. Nenda kamwombe radhi. Chakula hakipiti hivi."

Tonge lilinikwama. Nikamwambia kwa kunong'ona kwamba yule ni mama mkwe wangu. Akajishika mdomo, akarudi jikoni, na tangu hapo hakuweza kunitazama tena, kwa hiyo tukawa watatu tusiotazamana.

Pikapu ilikataa kuwaka. Nikaifungua tena kabureta, safari hii mbele ya watu, maana Mayamaya nzima ilikuwa imekuja kuangalia. Nikawaeleza kila kipuri kwa jina lake, kwa sauti ya stoo. "Hii ndiyo jeti," nikasema, nikiishika juu kwa vidole viwili waione vizuri. Ndipo chembe za pilipili za yale maharage zikanipanda puani. Nilipiga chafya moja. Jeti ikaruka, nikaisikia ikigonga boneti, kisha sikuisikia tena.

Tulikuwa kwenye mchanga mwekundu laini kama unga. Nikapiga magoti nikaanza kupapasa, na kadiri nilivyopapasa ndivyo nilivyoizika. Watu wakaanza kunisaidia kwa miguu. Bila kile kipande pikapu ile ilikuwa inakwenda kuishia Mayamaya, na Bi Mariamu kule Kolo macho yake hayamsubiri mtu.

Mama Damari alishuka garini. Akawaondoa watu kwa ishara ya mkono. Akachukua ule ungo mpya wa zawadi, akakusanya mchanga kwa viganja, akaanza kupepeta kama anavyopepeta uwele, akirusha na kupokea, mchanga ukiruka na upepo na vizito vikibaki. Alihama taratibu, fungu kwa fungu. Tulipata vifungo, msumari, jino la mbuzi. Baada ya muda mrefu akauweka ungo chini, akarudi garini. Katikati ya ungo jeti ilikuwa inang'aa.

Sikuwa na kuku karibu wa kumshukuru kupitia kwake. Nikasema tu "Ahsante mama" kuelekea gurudumu.

Mayamaya hadi Chemba

Sehemu hii sitaki kuieleza sana. Tulisimama mara nyingi kuliko tulivyotembea. Nilijifunza kuifungua kabureta kwa macho yaliyofumbwa, na kila nilipoifungua nilikuta jambo jipya. Uji wa kahawia ulipoisha ukaja ute mweupe na matone ya maji yaliyotulia chini ya bakuli, nami nikawa nashangaa maji yametoka wapi wakati nchi nzima ya kule inalia ukame. Mpira wa mafuta ulivimba ukawa laini kama utumbo. Kila nilipopuliza midomo ilizidi kuchubuka, na kila niliporudi kwenye kiti mama mkwe alizidi kujibana.

Karibu na Chemba kuku alipokea swali gumu.

"Kuku, hivi tukichelewa tukamkuta dada ameshazikwa, huyu bwana atamwambia nini binti yangu?"

Ni swali nililokuwa najiuliza tangu mchana.

Tuliingia Chemba jua likizama, tukisukumwa na watu. Familia moja ya waumini ikamkaribisha Mama Damari, mimi nikalala kwenye bodi ya pikapu nikijifunika turubai. Sikulala sana. Niliona jinsi nilivyokuwa nimejivuna kwa yule bwana wa mapipa, na niliona aibu hata nikiwa peke yangu.

Asubuhi, nikiwa nimeinamia boneti, mtu akasimama karibu yangu akanusa.

"Nani anasafisha vidonda hapa?" akauliza.

Alikuwa bwana mrefu, suruali imepigwa pasi, ana maboksi mawili ya dawa. Aliitwa Shabani, tabibu wa zahanati moja upande wa Kolo, na alikuwa amekwama pale akisubiri usafiri wa kurudi na dawa zake. Nikamwambia hakuna vidonda, ni petroli. Akacheka. Alikuwa mtu anayependa kucheka, na anayependa zaidi kueleza.

Akachukua chupa tupu ya dawa, akatia maji kidogo, akaweka alama kwa kalamu mahali maji yalipofika. Akaongeza petroli kutoka kwenye tangi langu, akaziba, akatikisa, akaiacha itulie. Maji yalipokaa chini yalikuwa yamepita ile alama.

"Maji hayazai," alisema Shabani kwa sauti ya kusikika soko zima. "Spiriti ndiyo imeyakimbilia. Ndugu yangu, nusu ya ulichonunua ni kitu ninachopaka watu kabla ya sindano. Kinakunywa maji hata ya hewani, kinatafuna mpira, kinabandua kutu. Gari lako halijaharibika. Limelewa."

Nilimwomba, kama anaweza, aende upande wa pili wa gari na ayarudie maneno hayohayo kwa yule mama aliyekaa na kuku. Alikwenda. Nilimsikia akieleza kwa urefu, na nadhani aliongeza mengi ya kwake. Halafu akarudi kwangu na uso mzito.

"Mama anasema amekukosea. Anasema wewe ndiye mkwe bora kuliko wakwe wote wa mkoa huu."

"Mkoa sikuutaja," Mama Damari alisema, akilitazama dirisha la upande wake.

Chemba hadi Kondoa

Tulimwaga ile petroli ya kisasa, na katika duka lililouza mafuta kwa dumu tukanunua petroli ya kawaida, ambayo Shabani aliipima kwa chupa yake kabla hajaniruhusu kuipokea. Alinipa sindano ya kudungia kusafishia jeti, na bomba la sindano la kupulizia, hivyo midomo yangu ikapumzika. Shida ikabaki moja. Pampu ya mafuta ina kiwambo cha mpira ndani yake, na kile changu kilikuwa kimekuwa kama chapati iliyolowekwa kwenye chai. Pampu haikuvuta hata tone.

Shabani akafikiri, akafungua boksi moja.

"Mgonjwa asiyeweza kumeza tunamfanyaje?" akauliza.

Tulifunga dumu la petroli juu ya paa kwa kamba, tukaingiza mpira wa dripu, tukaupitisha chini ya boneti iliyoachwa wazi kidogo, mpaka kwenye kabureta. Shabani alirekebisha lile gurudumu dogo la kupunguzia matone. Pikapu ikawaka, ikanguruma vizuri kuliko siku zote.

Tuliondoka hivyo. Shabani alikaa katikati, na kuku akastaafu ukalimani. Kila kijiji tulichopita watu walisimama. Mzee mmoja kwenye baiskeli alitufuata muda mrefu akitazama ule mpira, kisha akaniuliza kwa upole kama gari linapelekwa hospitali ya Kondoa. Nikamwambia ndiyo. Sikuwa na heshima yoyote iliyobaki ya kuilinda.

Njiani Mama Damari alimwuliza Shabani kama anamfahamu Bi Mariamu wa Kolo. Alimfahamu sana, ni mgonjwa wake.

"Amebakiza siku ngapi?" Mama Damari akauliza. Sauti ilikuwa tulivu, lakini mikono ilikuwa imemshika kuku mpaka akalalamika.

"Siku za nini?"

"Za kuishi."

Shabani alitutazama huku na huku. "Bi Mariamu? Juzi alikuwa anagombana na mwenye punda juu ya kuni. Mwili wake mzima. Ni macho, mama. Macho yanamfunga. Yamefunga polepole mwaka huu wote na hayana dawa tena. Jua likiwaka sana bado anaona sura ya mtu, akikaribia. Jioni haoni kitu. Nilimwambia mwenyewe kwamba hata hako kamwanga hakatakaa. Ndipo akatuma ujumbe."

Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba dereva wa lori alisema neno kwa neno alichoambiwa, na sisi tukamzika mtu aliyekuwa hai. Nikataka kucheka kwa furaha. Nilipogeuza jicho kidogo, nikaona Mama Damari hacheki. Alikuwa anaangalia jua lilipofika.

Kondoa hadi Kolo

Kondoa tulifika alasiri. Palikuwa na fundi mwenye kiwambo kipya cha pampu, akasema tuliache gari, kesho mchana litakuwa tayari. Ulikuwa ushauri mzuri. Mpira wa dripu ulikuwa umeanza kukakamaa, na mbele yetu kulikuwa na vilima. Pia nilikuwa nimeona bango la chai na chapati, na mwili wangu ulikuwa umekwisha kukubaliana na fundi.

Nilikuwa naeleza hayo kwa Shabani ili ayapeleke, nikasikia:

"Elia."

Nimekuwa mkwe wa nyumba ile miaka kadhaa. Sikuwahi kulisikia jina langu kinywani mwake. Nikageuka bila kufikiri, tukatazamana uso kwa uso, mimi na midomo yangu iliyobabuka. Ana macho madogo, yamezungukwa na mikunjo mingi, na wakati huo yalikuwa yamejaa maji.

"Elia, twende. Jua bado lipo."

Tukaondoka bila chai.

Ule mpira ulitosha kwenye tambarare. Kwenye kilima injini ilitaka mafuta mengi kuliko matone yaliyoweza kuleta. Tulipanda kidogo, ikazimika. Tukangoja bakuli la kabureta lijae, tukapanda tena kidogo, ikazimika tena. Kila ilipozimika Shabani alishuka akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, kisha akakimbilia garini akiwa na jiwe lake mkononi, suruali ya pasi imekuwa nyekundu kwa vumbi. Mara moja mpira ulichomoka, petroli ikamwagikia kioo cha mbele, na Mama Damari akashuka akaushika kwa mkono wake mahali pake mpaka nikaufunga upya kwa kipande cha kanga. Alichana ile kanga mpya mwenyewe kwa meno.

Hatukuwahi. Tulipofika Kolo jua lilikuwa limekwisha kuingia nyuma ya vilima vyenye yale mapango ya michoro ya kale, na mwanga uliobaki ulikuwa wa kijivu. Bi Mariamu alikuwa ameketi barazani, amegeuzia uso upande wa barabara.

"Gari la nani hilo linalopumua vibaya?" akauliza.

"Mbukwenyi, dada," Mama Damari akamwamkia kwa Kigogo.

Yule bibi alinyanyuka, akaja na mikono mbele. Akamgusa usoni, mabegani, akamshika viganja. Wakalia kwa pamoja, kimyakimya, kama watu wanaofanya kazi moja. Kisha akarudi nyuma kidogo, akajaribu kumtazama, akainamisha kichwa huku na huku akitafuta mwanga.

"Sikuoni," alisema. "Naona kivuli. Kesho jua likitoka."

Nilikwenda kusimama nyuma ya pikapu. Nilikuwa nafikiri juu ya ile foleni ya kituo cha mafuta, fupi tu, ambayo sikutaka kuisubiri.

Kolo, asubuhi

Kulipokucha hapakuwa na jua. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya vilima, mazito, ya siku ambayo mkulima angeshukuru. Wenyeji walitupa uji wa uwele. Hakuna aliyezungumzia mbingu, lakini kila mtu alitoka nje mara kwa mara kwa kisingizio chake. Shabani, ambaye alipaswa kuwa amefika zahanati, alisema anahesabu dawa, akazihesabu pale barazani mpaka zikachoka. Mimi nilifungua kabureta na kuisafisha, ingawa ilikuwa safi.

Ndugu wale wawili walikaa kwenye mkeka uani, wanazungumza mambo ya Buigiri, nani alikufa, nani alijenga. Bi Mariamu alikuwa ameushika mkono wa mdogo wake, hakuuachia hata alipokunywa uji.

Jua lilitoka ghafla, wakati ambao kila mtu alikuwa ameacha kulitazamia. Uani pakawa peupe mpaka nikafinya macho. Bi Mariamu alimvuta mdogo wake katikati ya ua, akamwelekeza uso kwenye mwanga kama mtu anayekagua kitambaa dukani, akasogea karibu mpaka pua zao zikakaribia kugusana. Alitazama muda mrefu. Alitazama paji la uso, akashuka, akatazama kidevu.

"Damari," alisema. "Umekuwa mama."

Mama Damari hakuelewa. Mimi pia sikuelewa, mpaka Bi Mariamu alipoeleza. Mama yao alifariki Damari akiwa bado hajaanza kutembea, siku hizo hapakuwa na picha kwa watu kama wao, na kati ya watoto wote Mariamu peke yake ndiye aliyebaki anayeikumbuka sura ile.

"Ni yeye kabisa," alisema. "Hata huu mkunjo hapa kando ya mdomo. Nilidhani nitafumba macho bila kumwona tena."

Mama Damari alijigusa kando ya mdomo. Kisha akanigeukia mimi, wazi, bila kuku na bila Shabani.

"Elia, una kioo?"

Nyumbani kwa Bi Mariamu kioo hakikuwapo, kilikuwa hakimfai tena mwenye nyumba. Nilichukua bisibisi, nikafungua kile kioo cha ubavuni mwa pikapu, nikakifuta vumbi kwa shati langu, nikampa. Akakipokea kwa mikono miwili. Mtu huyu maisha yake yote alikuwa amejitazama kwa haraka tu, kufunga kilemba na kwenda zake. Sasa alikaa chini juani, akakiinua taratibu mbele ya uso wake, akamtazama mama yake.